Aitwaye Ndiye Aitikaye

Msomaji, kelele si ushahidi. Watu kumi wakisema neno moja kwa sauti kubwa, neno hilo haliwi kweli kwa wingi wa vinywa. Huwa kweli likiisha kupimwa na kuonekana kweli. Kila mtu hulikubali jambo hili linapozungumzwa kwa jumla, na karibu kila mtu hulisahau kitu kinapoharibika mbele ya macho yake. Hapo mtu hutafuta mkosaji kabla ya kutafuta kosa. Nataka kukueleza jambo hili kwa mfano wa waya na vipande vya umeme, kwa kuwa katika mfano huo kosa lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama, na hasara iliyokaribia kutokea ilikuwa kubwa.

Yamkini unaijua kompyuta ya mezani. Lakini kompyuta nyingi za siku hizi hazina meza wala kioo. Zimefichwa ndani ya vyombo vingine: katika sanduku la intaneti lililotundikwa ukutani, katika runinga, katika mashine za viwandani. Nyingi kati ya hizo huendeshwa na Linux, programu iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini. Mwaka 2012 ilitoka Uingereza kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, ambayo ukubwa wake haupiti sana ule wa kitambulisho chako, na bei yake ilikuwa ya kufikiwa na shule. Ina safu ya pini 40 au pungufu, kwa aina mbalimbali, na kwa pini hizo mwanafunzi aweza kuifunga kwenye vipimajoto, redio, taa na mota.

Sasa, kompyuta huzungumzaje na vifaa vingi kwa pini chache? Njia moja huitwa SPI, nayo ilibuniwa na kampuni ya Motorola katika miaka ya 1980. Ili uielewe, twende Kaloleni.

Mtaa wa Kaloleni umo katika Eastlands ya Nairobi, kando ya barabara ya Jogoo. Ulijengwa na manispaa katika miaka ya 1940, kwa nyumba za chini zenye kuzunguka viwanja vya nyasi, na katikati yake pana ukumbi wa jamii. Katika miaka ya 1950, Waafrika waliponyimwa nafasi nyingi za kusema, ukumbi huo ulikuwa mahali pa mikutano mikubwa, na Tom Mboya alikuwa miongoni mwa waliohutubia hapo. Hebu ufikirie mkutano wa namna hiyo. Watu ni wengi, na hewa inayochukua sauti zao ni moja. Mwenyekiti akimwita msemaji mmoja, wengine hunyamaza, na maneno yake husikika. Wawili wakisema pamoja, hasikiki wa kwanza wala wa pili. Husikika mvumo tu. Basi utaratibu wa mkutano haukai katika ufasaha wa wasemaji, hukaa katika kuitwa. Asiyeitwa anyamaze, na aliyeitwa aitike.

Njia ya SPI ni ukumbi wa namna hiyo. Ina waya tatu ambazo vifaa vyote huzishiriki. Wa kwanza huchukua mapigo ya saa, ili wote waende kwa hatua moja. Wa pili huchukua maneno ya kompyuta kwenda kwa vifaa. Wa tatu hurudisha maneno ya vifaa kwa kompyuta. Zaidi ya waya hizo tatu, kila kifaa kina waya wake peke yake, nao ndio mwito wake. Tuuite waya wa kuchagua. Kwa desturi, waya huo ukiwa juu, kwenye volti 3.3, kifaa hakikuitwa. Hakina budi kunyamaza na kuuacha waya wa majibu uwe huru kwa wengine. Ukishushwa hadi karibu na volti 0, kifaa kimeitwa. Husikiliza, na hujibu. Mazungumzo yakiisha, waya hupandishwa tena. Ni jambo dogo la kueleza, lakini mafundi hodari wamekesha usiku kucha kwa sababu ya waya huo mmoja.

Katika mwezi wa Aprili na Mei mwaka 2024, mvua kubwa iliifurikisha Nairobi. Watu walikufa, na makazi yalibomolewa na maji Mathare, Mukuru na kwingineko. Muhula uliofuata, kundi la wanafunzi wa sayansi ninaowafundisha, watokao Kaloleni, Makongeni na Mbotela, waliazimia kutengeneza chombo cha kupima kina cha maji katika mtaro pamoja na joto la hewa, na kupeleka habari hizo kwa redio hadi chumba tulichoazimwa mtaani Kaloleni. Walichanga fedha kidogo kidogo kwa muhula mzima, wakashuka Luthuli Avenue, ambako maduka ya vitu vya umeme yamejaa pande zote, wakanunua vifaa viwili. Cha kwanza kilikuwa chipu iitwayo MCP3008, ambayo hugeuza volti kuwa namba kati ya 0 na 1023. Cha pili kilikuwa redio ndogo yenye chipu ya SX1276. Mvulana mmoja wa kidato cha tatu, mwenye mkono mtulivu kuliko wenzake, alipewa kazi ya kulehemu.

Chipu ya kupimia ilipofungwa peke yake ilifanya kazi vizuri. Kipimajoto cha aina ya TMP36 hutoa volti 0.75 hewa ikiwa na nyuzi 25, na kwa hesabu ya chipu hiyo namba yake ni 232 au karibu yake. Wanafunzi walipiga hesabu, wakaisoma namba hiyo, wakafurahi. Lakini redio ilipoongezwa, mambo yalibadilika. Redio haikujibu neno lenye maana, na namba za joto, ambazo zilikuwa timamu, zikaanza kurukaruka kama mbuzi aliyekatika kamba. Ilipotolewa redio, namba zikatulia. Iliporudishwa, zikaruka.

Hukumu ilitoka upesi kuliko mshale. "Ameichoma redio kwa joto la lehemu," alisema mmoja, na wengine wakaitika. Kabla jua halijashuka ilikwisha kuamuliwa kwamba mvulana yule ailipe. Mama yake huuza maharagwe yaliyopikwa kando ya barabara, na bei ya redio ile ilikuwa mzigo mzito kwa sufuria zake. Mvulana alisimama, akasema, "Mwalimu, mimi sikuichoma. Lakini siwezi kuonyesha." Neno hilo la mwisho lilinichoma moyo. Mtu aweza kuwa hana hatia na asiwe na njia ya kuionyesha. Na hapo, msomaji, ndipo elimu inapodaiwa kutoa msaada wake. Ikiwa sayansi haiwezi kumtetea asiye na hatia katika chumba kimoja cha Kaloleni, tunaisomea nini?

Niliwaambia kwamba deni halitatajwa tena mpaka redio yenyewe itoe ushahidi. Tukaweka maswali manne, na kila swali lilikuwa na jibu la kupimwa.

Swali la kwanza: je, Linux yenyewe inaiona njia ya SPI? Katika Linux vifaa vingi huonekana kama faili, na njia hii huonyeshwa kwa majina kama /dev/spidev0.0 na /dev/spidev0.1. Namba ya kwanza ni ya ukumbi, na ya pili ni ya mwito. Tulitazama, tukayaona majina yote mawili. Wanafunzi wakasema njia ni nzima. Nikawaambia wayaandike majina hayo bila ya kuyapa sifa, kwani kuuona mlango si kuiona nyumba iliyo nyuma yake.

Swali la pili: je, maneno yanatoka na kurudi? Tuliondoa vifaa vyote, tukaunganisha pini ya 19, ambayo maneno hutokea, na pini ya 21, ambayo majibu huingilia, kwa kipande cha waya. Kila namba tuliyotuma ilirudi vilevile. Kipimo hiki ni kizuri, na mafundi hukitumia mara kwa mara. Lakini kina mpaka wake. Kinathibitisha waya wa kusema na waya wa kusikia, basi. Juu ya waya wa kuchagua hakisemi lolote, kwa sababu waya mtupu hauhitaji kuitwa ili upitishe umeme. Wengi hufaulu hapa wakadhani wamefaulu kote.

Swali la tatu: ni kifaa gani kinachoharibu mazungumzo? Hili tulikwisha lijibu nusu: namba za joto ziliharibika redio ikiwapo tu. Lakini wenye kushtaki walilichukua jibu hilo kama ushahidi wa redio kuungua. Halikuwa hivyo. Lilionyesha kwamba redio ilisema wakati usio wake. Kifaa kilichokufa aghalabu hunyamaza. Hiki kilikuwa kinaropoka. Nahodha wawili walikuwa wameushika usukani mmoja, na chombo kilikwenda mrama.

Swali la nne: je, waya za kuchagua zimekaaje wakati hakuna mazungumzo? Hapa tulitumia mita ya umeme, chombo ambacho hata kinyozi wa redio za zamani anacho. Waya wa chipu ya kupimia ulikuwa na volti 3.3, kama itakiwavyo. Waya wa redio ulikuwa na volti 0 au kasoro chache. Chumba kikawa kimya. Redio ilikuwa inaitwa mchana na usiku bila ya kukoma. Iliitika kila neno, liwe lake au la mwenziwe, na kwa kuwa mwito wake haukuwa na mwanzo wala mwisho, haikuweza kujua neno lake lianzie wapi.

Ilibaki kujua sababu. Maagizo yaliyokuja na redio yalisema waya wake wa kuchagua ufungwe kwenye pini ya 22, iitwayo GPIO25 na kompyuta, na mvulana aliufunga hapo hasa. Tuliamuru gpioinfo, amri inayoorodhesha pini na mtumiaji wa kila moja. Orodha ilisema GPIO8 ni ya mwito wa kwanza wa SPI, na GPIO7 ni ya mwito wa pili. GPIO25 haikuwa na mwenyewe. Basi programu yetu ilipougonga mlango wa pili, Linux ilishusha pini ya 26, ambayo ndiyo GPIO7, na pini hiyo haikufungwa kitu. Tuliita katika nyumba isiyokaa mtu. Wakati huohuo, GPIO25 iliachwa katika hali yake ya kuzaliwa. Na katika kompyuta ya aina tuliyokuwa nayo, pini za GPIO0 hadi GPIO8 huvutwa juu umeme unapowashwa, na zile za GPIO9 hadi GPIO27 huvutwa chini. Kuvutwa chini ni kuitwa. Maagizo ya redio hayakuwa ya uongo: yaliandikwa kwa programu ambayo huiendesha pini hiyo yenyewe. Yetu iliiachia Linux kazi hiyo, na Linux haikuwa imeambiwa. Kila upande ulidhani kwamba mwingine ameishika kamba, na kamba ilikuwa chini.

Hata hivyo, maelezo mazuri bado si ushahidi. Tulichukua rezista ya omu 10,000, tukaiunganisha kati ya waya wa kuchagua wa redio na volti 3.3. Mita ikapanda hadi karibu volti 2.7, kiasi cha kutosha kuwa juu, na namba ya joto ikarudi papo hapo katika 232 na jirani zake. Redio ilikuwa ingali imefungwa, lakini sasa ilinyamaza. Kisha, katika faili la config.txt ambalo kompyuta hulisoma inapoamka, tuliongeza mstari mmoja: dtoverlay=spi0-2cs,cs1_pin=25. Maana yake ni kuiambia Linux kwamba mwito wa pili uko GPIO25. Tuliizima kompyuta, tukaiwasha. Gpioinfo ikaonyesha GPIO25 ina mwenyewe. Mwisho, tukaiuliza redio swali moja ambalo jibu lake haliwezi kubahatishwa kwa urahisi. Chipu ya SX1276 ina sanduku la kumbukumbu namba 0x42, ambamo watengenezaji wake waliweka namba ya toleo, 0x12, yaani 18 kwa hesabu ya kawaida. Tuliuliza mara 100. Mara 100 ilijibu 18.

Redio ilikuwa hai, na lehemu ya mvulana ilikuwa safi. Wenzake walimwomba radhi, mmoja baada ya mwingine, naye aliwapa mkono. Lakini sitaki kukudanganya kwamba mambo yalirudi palepale. Kwa majuma kadhaa alikuja mwishoni na kukaa karibu na mlango. Waya uliofungwa vibaya hufunguliwa kwa dakika moja. Neno lililosemwa vibaya lina lehemu ngumu.

Msomaji, huenda siku moja nawe utakutana na ugonjwa wa namna hii, na sura zake ni nyingi. Nakuachia baadhi yake. Ikiwa majibu yote ni 0 au yote ni 255, shuku kwanza kwamba kifaa hakijaitwa kabisa, na waya wa majibu unaelea. Ikiwa kifaa huitwa kinapotakiwa kunyamaza, tazama kama mwelekeo umegeuzwa, kwa maana viko vifaa vichache vinavyoitwa kwa kupandishwa, na katika maelezo ya vifaa yasomwayo na Linux neno lao ni spi-cs-high. Ikiwa kifaa husahau swali kabla ya kujibu, chunguza kama programu inatuma swali katika ujumbe mmoja na kuomba jibu katika ujumbe mwingine. Linux huupandisha waya wa kuchagua kati ya jumbe mbili, na kifaa huhesabu kwamba mazungumzo yamekwisha. Viweke pamoja katika ujumbe mmoja. Ikiwa waya za kuchagua zote zi sawa na bado maneno yanagongana, jua kwamba viko vibao vidogo, hasa baadhi ya vile vya kadi za kumbukumbu vya bei nafuu, ambavyo havikuundwa kuuachia waya wa majibu hata vinapoambiwa vinyamaze. Na kila kifaa ukipe rezista ya kukivuta juu, ili kisiropoke katika sekunde zile ambazo Linux bado haijaamka. Chombo cha onyo kisemacho uongo ni kibaya kuliko kukosa chombo. Watu wa mtaroni watakiamini, walale.

Zaidi ya hayo yote, lishike hili. Katika kila kazi ya watu wengi pana jambo ambalo kila mmoja hudhani ni la mwenziwe. Tafuta jambo hilo kabla ya kumtafuta mtu. Uliza nani ameitwa, nani hakuitwa, na nani ameachwa katika hali ya kuzaliwa bila ya kuambiwa neno. Anza na yale yanayopimwa kwa chombo cha bei ndogo, andika unachokiona, wala usikubali jibu la swali moja litumike kama jibu la jingine. Mwenye kufanya hivyo huokoa fedha, hilo ni kweli. Lakini huokoa pia kitu ambacho hakiuzwi Luthuli Avenue wala popote pengine, nacho ni jina jema la mtu asiye na njia ya kujitetea.